Nilimvisha Rafiki Yangu Kijembe Mbele ya Mama Yake

Kosa ni langu. Nalisema mwanzoni kabisa ili msije mkafika katikati mkaanza kumtafuta shetani, au mwalimu, au Wachina. Shetani hakuhusika. Siku ile nadhani alikaa pembeni akajifunza.

Mimi ni mwanamke wa Tanga. Kanga nimezaliwa nayo. Nimebebwa kwa kanga, nimepanguswa makamasi kwa kanga, na bibi yangu akigombana na jirani alikuwa hatoi neno mdomoni. Alichagua kanga, akajifunga, akapita mbele ya mlango wa mwenzake polepole kama mtu aliyesahau anakokwenda. Jirani alisoma, akapata ujumbe wake, basi. Kwa hiyo msinitetee kwa kusema labda sikujua. Nilijua!

Miaka ile ya elfu mbili na kidogo nilipata ufadhili wa kwenda kusomea ubunifu wa vitambaa katika chuo kimoja cha Guangzhou. Mji ulikuwa unajengwa kila ulipogeuza shingo. Leo kuna shimo, kesho kuna ghorofa. Nami nilijiona nimetumwa na Afrika nzima kwenda kuwafundisha Wachina rangi. Wachina, watu wa hariri! Mnaona akili yangu ilivyokuwa.

Rafiki yangu wa kufa na kuzikana alikuwa binti wa Mombasa. Nitamwita Rehema. Yeye alisomea dansi ya jukwaani, na hakuwa na ufadhili. Aliyemlipia ni mama yake, mfanyabiashara aliyekuwa akija Guangzhou kununua nguo za jumla Shahe na Barabara ya Zhanqian, karibu na stesheni ya treni, na kuzisafirisha Mombasa.

Tatizo ni kwamba mama alimpeleka binti asomee biashara. Rehema akaisoma biashara muhula mmoja, kisha akahamia dansi kimyakimya. Mama akaja kuzisikia habari hizo kwa watu.

Hakupiga kelele. Alimwambia binti yake kwenye simu kwamba atakuja kwenye onyesho letu la mwisho wa mwaka, ajionee. Akiona ni elimu, Rehema atamaliza masomo yake. Akiona ni kukata viuno tu, watarudi wote wawili pamoja na mizigo.

Rehema alinisimulia huku akicheka, lakini usiku ule hakula. Dansi ndiyo ilikuwa roho yake, jamani. Alikuwa anacheza hata akisubiri lifti.

Kuna jambo jingine aliniambia siku moja ananisuka nywele hosteli. Baba yake alipofariki, mama aliiuza nyumba ya marehemu apate mtaji. Rehema alikasirika, akamtolea mama yake maneno mazito ya kula mali ya yatima. Wakanuniana muda mrefu. Mwishowe wakakaa chini, wakaombana radhi, wakakubaliana neno lile lisitajwe tena maishani. Rehema alinieleza mimi peke yangu, kwa sababu eti mimi ni mtu wa siri.

Sasa njoo kwenye onyesho lenyewe.

Tulikuwa na mwalimu mmoja, Mwalimu Liang, mzee mwembamba mwenye shati lile lile kila siku. Alikuwa na imani kwamba wanafunzi wa sanaa wanakufa vibaya kwa sababu kila mmoja amejifungia kwenye idara yake. Basi akatuchanganya: sisi wa vitambaa, wale wa dansi, wa muziki, na wa taa za jukwaani. Tutengeneze kazi moja, alama moja, sifa moja.

Na aliweka sheria. Ndani ya chumba kile ilikuwa mwiko kusema "langu" au "lake". Wazo likishatua mezani ni letu. Atakayekosea anakwenda kuchemsha chai ya watu wote.

Wenzangu walikosea mara moja moja. Mimi birika lile lilinizoea! Nikifungua mdomo tu, "Mwalimu, wazo langu ni..." naoneshwa mlango wa jikoni. Wei, kijana aliyekuwa anapiga zeze la nyuzi mbili la Kichina, alikuwa akiona kiu anageuka kunitazama kwa matumaini.

Siku moja mimi na Rehema tulikwenda kula pilau Mtaa wa Dengfeng, kule kwenye maduka ya Waafrika. Nikamwambia, unajua ingekuwaje tukiwaletea hawa watu kanga? Nguo inayosema. Wachezaji wanakuja wamejifunga, wanatugeuzia mgongo wote kwa pamoja, taa inaangukia kwenye pindo, watu wanasoma maneno. Rehema aliacha kutafuna.

"Dadangu, hiyo itabamba vibaya," akasema. "Niazime yako kesho niwaoneshe vile inakaa."

Nikamwazima.

Kesho yake nilichelewa. Nilikuwa Shahe namkalimania mfanyabiashara mmoja. Kichina changu wakati ule kilikuwa kujua kusema laoban, yaani bosi, kusema ghali mno, na kukasirika. Muuzaji alijibu meiyou, meiyou, hakuna, mpaka jua likawa kali. Nilipofika chuoni nikakuta chumba kizima kimesimama.

Rehema yuko katikati. Kanga yangu kiunoni kwake. Anageuka, watu wanapiga makofi. Mwalimu Liang anacheka mpaka meno ya nyuma!

"Ingia, tulikuwa tunakungoja," Rehema akaniambia. "Wazo limepita."

Limepita! Mwenyewe niko Shahe nagombea bei ya suruali, wazo limepita!

Nikakaa. Nikapewa kikombe cha chai, nikanywa. Nikangoja Rehema aseme hili limetoka kwa fulani. Hakusema. Alikuwa anaeleza mikono ikae vipi, magoti yakunjwe vipi, na Mwalimu anaitikia kwa kichwa kila neno lake.

Wiki iliyofuata gazeti la chuo likaleta mpiga picha. Picha ikatoka kubwa: Rehema na kanga yangu. Na mimi nilikuwemo, msidhani. Kiwiko changu kilionekana vizuri sana upande wa kushoto. Nililikata gazeti lile, nikalitazama, nikasema moyoni: mwizi huyu, na ana raha zake.

Mtu mwenye akili angemuuliza. "Rehema, mbona hukusema wazo nimekupa mimi?" Maneno machache tu. Lakini mimi ni wa pwani, na sisi tuna ugonjwa wetu: mtu akitukosea hatumuulizi, tunamtungia. Nikanuna. Akiniita kula, nimeshiba. Akinisalimu, naitikia kwa pua. Yeye akadhani nina homa, akaniletea ndimu.

Tulikuwa tumekubaliana jina la kanga litakalochapwa: "Kidole kimoja hakivunji chawa." Mwalimu Liang aliipenda methali ile kupita kiasi. Alisema hiyo ndiyo falsafa yake ya kufundisha, imemchukua maisha yote kuifikia, na sisi tumeiweka kwa chawa. Wei aliuliza kama kwetu chawa ni wengi. Nikamjibu wanatosha.

Kazi ya kuchapa ilikuwa yangu. Kanga sita za wachezaji sita, mji, yaani katikati, wa samawati, pindo jekundu, maneno chini. Na wanaojua kusoma Kiswahili katika kundi zima ni watu wawili, mimi na mwizi wangu.

Ndipo nilipotunga! Nikachonga fremu nyingine pembeni, kwa ajili ya kanga moja tu, ya Rehema. Nikaandika: "Umekula changu, usijisifu umeshiba."

Jamani, nilivyojisifu! Niliirudia kwa sauti peke yangu kwenye chumba cha kuchapia. Nikaisema kwa kubana pua, nikaisema kwa kuvuta midomo. Nikaona Tanga nzima hakuna aliyewahi kutunga jina zuri kama lile, na uchungu wangu ulikuwa mmoja tu: kwamba sina wa kumsimulia.

Ngoja nijitetee kidogo, kisha nitaendelea kujichapa. Sikukusudia aingie nayo jukwaani. Nilichapa na nyingine ya ziada ya chawa, nikaiweka kwenye mkoba wangu. Mpango ulikuwa hivi. Rehema ataikunjua ile chumba cha kuvalia, atasoma, uso utamshuka, atakuja kwangu analia. Mimi nitamtazama kwanza. Kisha nitamsamehe kwa maneno ya hekima, nitamkabidhi kanga ya chawa, na tutakumbatiana. Hata maneno ya hekima nilikuwa nimeshayaandaa!

Siku ya onyesho ikafika. Asubuhi nikawaachia kanga zote sita wanawake wa mavazi, ile ya Rehema nikaibandika jina lake juu. Nikakaa mlangoni kungoja machozi.

Badala ya machozi akaja Rehema mwenyewe anakimbia, nywele nusu zimebanwa. Mama ameshafika Xiaobei, yuko hotelini na wenzake, hawajui njia ya kuja. Madereva wa teksi hawamwelewi. Akaniomba niende nikamlete.

"Wewe ndiye anakuheshimu," akaniambia. "Akija na wewe atakuja na moyo mweupe."

Ningesema nini? Nikaenda. Nikajiambia muda upo, nitarudi kabla hawajavaa. Guangzhou ya wakati ule, barabara zimechimbwa kila upande kwa ajili ya treni ya chini, eti muda upo!

Mama Rehema alikuwa amevaa buibui jipya na marashi ya asumini. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, akanishika mkono hakuuachia. Alikuwa na wenzake wachache wa biashara, mmoja wao Mama Kapinga, Mkongo wa Lubumbashi, mwanamke mwenye sauti ya kutosha uwanja. Tukagawana teksi mbili, tukakwama.

Ndani ya teksi mama akanifungukia. Alisema ameshafikiri sana. Binti yake tangu utotoni hawezi kukaa kitako, huenda Mungu alimwumba hivyo. Akaniuliza kama kweli mtu anaweza kuishi kwa kucheza. Nikamweleza kuhusu walimu wa dansi, kuhusu vikundi vinavyosafiri nchi na nchi. Akasikiliza. Akasema, basi leo nimekuja kumpa baraka, nimechoka kugombana na mtoto wangu wa pekee.

Nami nikafurahi kwa dhati! Hapo ndipo mtanishangaa. Kwenye mkoba mapajani nimebeba ile kanga ya chawa, na nikafurahi. Nilikuwa na uhakika kwamba kule chuoni Rehema ameshasoma, ameshalia, na anangoja tu nifike anivue kinyongo.

Tulifika taa zikiwa zinazimwa. Nikataka kukimbilia nyuma ya jukwaa. Mama akanivuta: "Kaa nami unieleze." Na mimi, Mungu anisamehe, nikakaa. Nilitaka kumsikia akisifia kanga. Nilitaka atakapouliza kazi nzuri hii kafanya nani, niwe hapo hapo karibu na sikio lake.

Zeze la Wei likaanza. Wachezaji wakatoka. Rehema akatoka wa mwisho, akamwona mama yake safu ya mbele, akatabasamu mpaka macho yakafumba.

Mtu aliyesoma maneno yale hatabasamu vile.

Nilikuja kuelewa baadaye. Kanga ya kufungwa kiunoni haivumilii dansi ya kuruka, kwa hiyo wale wanawake wa mavazi walizishona moja kwa moja kwenye nguo za ndani za wachezaji, jina likiwa nyuma, kama tulivyoelekeza sisi wenyewe. Rehema alisimama akashonewa huku anafanya mazoezi ya pumzi. Maneno yalikuwa makalioni. Nani anasoma makalio yake?

Nilijua vizuri kinachofuata, maana nilikipanga mimi mwenyewe. Wanageuka wote, wanasimama. Taa inashuka polepole inaangukia pindo. Wapige hesabu ya pumzi mpaka kila mtu awe amesoma.

Wakageuka. Kina mama wetu walipiga vigelegele walipoona Kiswahili. Chawa, chawa, chawa, chawa, chawa! Wakacheka. Taa ikafika kwa Rehema.

Vigelegele vikakatika.

Mnaelewa nilichofanya? Bibi yangu hakumfunga jirani kanga. Alijifunga yeye! Kanga inasema kwa niaba ya aliyeivaa. Mtoto mdogo wa Tanga anajua. Mimi, mbunifu, mjumbe wa Afrika, nilisahau. Nilitaka kumtukana Rehema, nikampa Rehema tusi amtukane mtu. Na mtu aliyekaa mbele yake alikuwa mama yake, aliyeuza nyumba ya baba yake.

Umekula changu, usijisifu umeshiba.

Nyumba ile nilikuwa naijua! Nilielezwa kwa siri, kichwa changu kikiwa mikononi mwake. Wallahi nilipokuwa natunga haikunijia hata kwa mbali. Kichwa kilikuwa kimejaa kiwiko changu kwenye gazeti.

Mama Kapinga akainama kwa jirani yake, lakini sauti yake haijui kunong'ona. "Mama Rehema, ile maneno mutoto anaambia nani?"

Mama alijifunga mtandio vizuri, akachukua mkoba wake, akainuka. Akapita katikati ya watu taratibu, akiomba radhi kwa kila goti alilogusa. Wachina wakapiga makofi kwa nguvu, maana kwenye vikaratasi vya maelezo walivyogawiwa mlangoni maneno yote yalitafsiriwa chawa.

Rehema alipogeuka mbele aliuona mgongo wa mama yake unatoka mlangoni. Alicheza mpaka mwisho. Sijui aliwezaje.

Nilimkuta mama kwenye ngazi za nje. Mara Rehema akaja mbio, miguu peku, vazi lote mwilini. Mama akamwambia ageuke. Akageuka. Mama akamsomea kwa sauti ya chini, neno baada ya neno, huku kidole kinafuata pindo.

Rehema akajizungusha kutazama nyuma yake, hakuona, akajizungusha tena. Kanga imeshonwa, haivutiki. Siku nyingine tungecheka tukaanguka. Mwishowe akaivuta akaichana mshono, akaileta mbele, akasoma.

Kisha akanitazama mimi.

"Jambo lile tulilimaliza," mama akasema. "Umekuja kunisomea Uchina, mbele ya watu."

"Mama, si mimi niliyeandika."

"Aliyevaa ni nani?"

Mama akanigeukia, na uso wake kwangu haukuwa na ubaya wowote. "Ndiwe fundi wa kanga hizi, mwanangu. Nambie wewe. Maneno haya ni ya nani?"

Jamani.

Mimi niliyechemsha chai mwaka mzima kwa kusema langu. Mimi niliyenuna, niliyekata gazeti, niliyetaka dunia ijue kilicho changu. Sasa naulizwa waziwazi, hiki ni cha nani? Hakuna sheria, hakuna birika, nafasi yangu ndiyo hiyo!

Nikasema, "Mama, hii ni kazi ya kikundi. Maneno ni yetu sote."

Nililisema vizuri kabisa. Mwalimu Liang angejivunia.

Rehema alingoja. Alinipa muda, namfahamu. Angeweza kusema ni huyu, mshike huyu. Alingoja niseme mwenyewe, na mimi nikawa natazama kucha zangu zenye wino mwekundu. Akamshika mama yake mkono, akasema twende.

Siku iliyofuata nikaenda kwa Mwalimu Liang. Nilikwenda kushtaki, mkitaka kujua, maana mwenye hatia hutafuta mwenzake. Nikamwambia yote yameanza pale Rehema alipoiba wazo na yeye Mwalimu akampigia makofi.

Mwalimu akavua miwani. Kichina chake nilikielewa chote, kwa bahati mbaya.

"Siku ile kabla hujafika alisema, wazo hili ni la rafiki yangu, tumngoje," akaniambia. "Nikamwambia humu hatusemi ni la nani. Nikampeleka akachemshe chai."

Chai ile niliinywa! Nilifika nikapewa kikombe, nikakaa nacho namchukia aliyeichemsha.

Nikatoka pale mpaka Xiaobei kwenda kuungama kwa mama. Safari hii nilidhamiria. Njiani nikajiambia siwezi kusema jambo zito na njaa, nikaingia Dengfeng nikala sambusa, nikaagiza na chai. Nikajiambia nimalizie chai. Mwoga akitafuta sababu haikosi, hata kwenye sambusa.

Nikakuta wanafunga mizigo. Rehema amepiga magoti juu ya furushi anabana, hakuinua kichwa. Mama akanikaribisha kitandani, akanishika mkono kama ndani ya teksi.

Nikafungua mdomo. Akanitangulia. Akaniambia ananishukuru. Akasema mimi angalau sikumruka mwenzangu, niliulizwa nikakubali kwamba ni letu sote, na kwamba rafiki wa namna hiyo siku hizi hapatikani. Rehema alisikia kila neno.

Na mimi nikasema, "Asante, mama."

Asante! Nikapokea! Halafu nikainuka nikawasaidia kufunga mizigo. Mama aliposhuka kuita gari tukabaki wawili, kila mmoja ameshika ncha yake ya kamba.

"Nilidhani utasema," Rehema akaniambia.

Walirudi Mombasa pamoja na mizigo, kama mama alivyosema kwenye simu. Rehema alikuwa amebakiza muhula mmoja. Mimi nilimaliza. Na kazi yetu ya kanga ilipata alama za juu kabisa za kitivo, tukapongezwa kwa kushirikiana.

Siku hizi niko nyumbani na kazi yangu ni kubuni kanga. Mungu ana mzaha. Natunga majina ya heri tu: pongezi, dua, karibu mgeni. Tajiri wangu analalamika hayatoki dukani, wateja wanataka makali. Namwambia makali sina. Ananitazama, ananiambia mwanamke wa Tanga hukosi makali. Namwambia yalikwisha Uchina.

Rehema nimewahi kumwandikia na nimewahi kumpigia. Akipokea ananijulia hali, anauliza kuhusu mvua, anaaga. Anauza nguo na mama yake. Wanaishi vizuri, wananiambia watu, wanaheshimiana. Lakini wanaheshimiana kama wageni, na Rehema hachezi hata harusini. Kila mtu anajua duka lao lina kila nguo isipokuwa kanga.

Sasa nyinyi mnaonisoma. Mtu akikukosea, muulize. Muulize hata kama sauti inatetemeka, hata kama utaonekana mdogo. Na kama ni lazima umpige kijembe, basi jifunge mwenyewe, upite nacho mlangoni kwake, akujue ni wewe. Usimfunge mwenzako maneno yako mgongoni, halafu ukiulizwa useme ni yetu sote.

Najua mnachotaka kuniambia: mbona hata hapa hujaweka jina? Kweli. Mimi niliyelia mwaka mzima nijulikane, nimemwomba mhariri anifiche. Bado ni yule yule mwoga wa sambusa.

Lakini Mama Rehema, kama gazeti hili limefika dukani, hata kwa kufungia bidhaa, utanijua. Uliniuliza swali kwenye zile ngazi nikakujibu uongo, ukanishukuru. Maneno yale niliyatunga mimi, peke yangu, kwa wivu wangu. Mwanao hakuyajua. Alikuwa anacheza tu, ili umwone.